Mieleka na Mama Mkwe

Jumapili, 27 Julai 1997. Kanoni.

Nimeangushwa tena. Mara ya nne mwezi huu, na safari hii mbele ya watu waliotoka misa ya pili wakiwa na nguo zao nzuri. Naandika haya ili siku moja ukweli ujulikane. Kanoni nzima sasa inaamini kwamba Anastazi Byarugaba, karani wa kupima kahawa, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, hajui mieleka.

Najua mieleka. Aliyemfundisha yule mwanamke ni mimi.

Ilikuwa hivi. Miaka mitatu iliyopita Methodius alirudi kutoka Kampala na televisheni ndogo isiyo na rangi, mashine ya gemu, rimoti mbili za waya na kaseti nne. Vyote vinatumia betri la lori. Kaseti moja ni ya magari, moja ya ndege, moja ya mambo ya vita ambayo hakuna aliyeyaelewa. Hizo zimejaa vumbi. Ya nne ni ya mieleka, na karatasi yake ya jina imefutika kwa kushikwa. Miaka mitatu, wapiganaji walewale sita, ulingo uleule, refa yuleyule mwenye kichwa kama punje ya kahawa. Kila alasiri mabenchi ya Methodius hayatoshi. Watu wanajua kabisa mpiganaji gani atafanya nini, na akifanya wanashika vichwa kana kwamba hawajawahi kuona.

Mwaka jana mama mkwe wangu, Mama Nyirabahire, alipita pale akinitafuta. Nilikuwa katikati ya pambano. Kwa adabu tu nikaweka rimoti ya pili juu ya stuli iliyokuwa karibu naye, maana kwetu mtu hampi mama mkwe wake kitu mkono kwa mkono. Nilitegemea atakataa, kama mtu anayekaribishwa chakula cha watu wengine. Akakaa. Akauliza kitufe cha kumnyanyua mtu ni kipi. Nikamwonyesha, mjinga mimi. Akamchagua yule mnene tunayemwita Kitambi.

Ana miaka sitini na minne. Vidole vimepinda kwa kuchuma kahawa. Anabonyeza vitufe polepole kama anayechambua maharage. Na ananibwaga.

Leo Rwegasira, fundi baiskeli, aliniuliza kwa sauti kama huwa namwamkia mama mkwe kabla ya kulala chini au nikishalala. Watu wakacheka. Hata katekista.

Jumatatu, 28 Julai

Habari kubwa. Methodius anahamia Nyakatuntu kufungua mashine ya kusaga. Mke wake, Deodatha, amemwambia kwamba kati yake na gemu, kimoja tu kitapanda kwenye lori. Methodius alifikiri siku mbili, jambo ambalo Deodatha hajalisahau, kisha akamchagua Deodatha.

Kwa hiyo mashine ya gemu inabaki Kanoni. Methodius hataki watu wagombane, akatangaza kwamba siku ya Nane Nane kutakuwa na pambano moja la mwisho, na mshindi ataondoka na kila kitu: televisheni, betri, rimoti, kaseti. Vitakaa nyumbani kwake moja kwa moja. Watakaopambana ni wawili walioshinda mara nyingi zaidi. Mapambano yote yameandikwa kwa chaki kwenye mlango wake.

Wa kwanza mlangoni ni mama mkwe. Wa pili ni mimi na Rwegasira, tumelingana.

Nimelingana na fundi baiskeli. Mtu anayeshinda amejipaka grisi. Kama wangehesabu mapambano ya kabla chaki haijaanza kutumika, ningekuwa juu yake kwa mbali. Nilimweleza Methodius. Akasema kabla ya chaki hakuna kumbukumbu. Nikamwambia kumbukumbu ninayo mimi. Akaendelea kufunga mizigo.

Naiona mashine ile sebuleni kwangu. Watu wamekaa kwenye viti vyangu. Wanabisha hodi kwanza. Nawajibu baada ya muda kidogo.

Jumatano, 30 Julai

Nimepata dawa. Mama mkwe anajua mieleka peke yake. Mchezo ukibadilika, amekwisha.

Nilichukua baiskeli ya Therese, mke wangu, nikaenda Kituntu kwa Celestin, mwalimu, ambaye ana kaseti mpya ya mpira wa miguu. Therese hutumia baiskeli hiyo kupeleka ndizi mnadani. Nilimwambia naenda kuangalia bei ya magunia. Nilimweleza Celestin kwamba Kanoni imechoka na gemu la kizamani. Akaniazima kaseti, akasema nisiiweke juani.

Alasiri nikasimama mbele ya watu kwa Methodius. Nikasema dunia inakwenda mbele. Nikasema vijana wa mijini wakituona bado tunatazama watu sita wale wale watatucheka. Nikachomeka kaseti.

Wachezaji walikuwa wadogo kama siafu. Katika televisheni ile timu zote mbili zilikuwa na jezi ya kijivu. Watu walivumilia dakika kumi, nawapa heshima hiyo. Kisha mama mkwe, kwa upole kabisa, akauliza nani kati yao ndiye mbaya, ili ajue wa kumwombea aangushwe. Hakuna aliyeweza kumjibu. Nilijaribu kueleza habari ya kuotea. Mzee mmoja akatoka nje kukojoa, hakurudi.

Methodius akaichomoa kaseti bila kuniuliza, akarudisha mieleka. Kitambi alipotokea tu, watu walipumua kama waliotolewa chumba chenye moshi.

Nimewahi kusema na nasema tena: watu wa hapa hawataki maendeleo. Akianguka mtu mgongo chini na refa akahesabu tatu, basi, wameridhika. Hawataki kingine. Nikiri kwamba hata mimi nilibaki mpaka betri likaisha. Lakini nilibaki kwa kuchunguza.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo ilikuwa mimi na Rwegasira, mshindi aende fainali. Saa kumi kamili, kama Methodius alivyoandika.

Saa tisa na nusu nilipita kwa Rwegasira nikamwambia kwa nia njema kwamba kuna padri amekwama barabara ya Kituntu, mnyororo umekatika, anamwita. Ni kweli kwamba padri hukwama. Sikusema ni leo.

Rwegasira alirudi saa kumi na robo akiwa ametoa jasho na sanduku la spana kichwani. Methodius alimruhusu acheze, lakini mikono ilikuwa inamtetemeka na macho yamejaa vumbi. Nilimwangusha kwa kumrusha nje ya kamba, refa akamhesabia huko huko.

Badala ya kukubali kama mwanamume, akaanza kelele. Akaniita mwongo. Akasema hata nikienda fainali, mama mkwe atafuta ulingo kwa mgongo wangu. Nikasema kwa mgongo wa nani. Akasema kama najiamini kiasi hicho niweke kitu. Yeye akaweka pampu yake kubwa ya miguu, ambayo kila mtu anaitamani. Nami, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nikasema baiskeli.

Rwegasira akauliza baiskeli ipi. Nikasema ile pale.

Ile pale ni ya Therese. Aliinunua kwa kahawa ya kipande cha kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Karekezi. Mwaka mzima alikuwa akitembea na ndizi kichwani mpaka akaipata. Lakini mume na mke ni mwili mmoja, padri mwenyewe alisema, na mwili mmoja hauwezi kuwa na baiskeli isiyo yake.

Nikishinda atapata pampu. Nampangia mambo mazuri na hajui.

Jumapili, 3 Agosti

Jana jioni nilifikiri sana, nikaona njia iliyo nyepesi. Mila.

Mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawakai benchi moja. Vipi basi nimkabe shingo? Vipi yeye anikalie kifuani na kitambi chote kile? Ni aibu kwa kabila langu na kwa lake, maana na wao walipotoka Rwanda walikuja na adabu hiyohiyo. Ikiamuliwa kwamba pambano haliwezekani, mwenye adabu kubwa zaidi ndiye anayestahili mashine, na mwenye adabu ni aliyelalamika kwanza.

Baada ya misa nikampelekea shauri Mzee Polikarpi, mdogo wake marehemu baba mkwe, anayesuluhisha mambo ya ukoo. Nilimpelekea na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikaeleza kwa uchungu. Nadhani machozi yalikaribia.

Mzee akasema hawezi kuamua asichokiona. Hakuwahi kufika kwa Methodius, alikuwa anaona ni mambo ya wavivu. Nikampeleka. Akakaa mbele. Mimi na mama mkwe tukapigana kidogo ili aone ubaya wenyewe. Nilimwacha anitupe kwa makusudi, ili aibu ionekane vizuri. Sehemu ya pili alinitupa bila makusudi yangu.

Mzee akatazama na kidevu juu ya fimbo. Akauliza yule mnene ni mtoto wa nani. Akaambiwa hana ukoo. Na yule mwenye nywele ndefu? Naye hana. Mzee akasema, basi hao si wakwe, wapigane. Bali waliokaa huku ni wakwe, na hao lazima wakae kwa heshima. Akaamuru siku ya fainali utundikwe mkeka katikati yetu, mimi upande huu, yeye upande ule.

Kisha akauliza kitufe cha kumnyanyua mtu ni kipi. Akakaa pale mpaka Methodius akafunga mlango. Rubisi yangu alikuwa amekwisha kuinywa.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya dhuluma ndogondogo.

Rwegasira alikuja asubuhi nikiwa nanywa uji, akaanza kubonyeza matairi ya baiskeli na kuzungusha pedali. Therese akamuuliza anatafuta nini. Akasema anaiangalia tu, ina afya nzuri. Therese akanigeukia. Nikasema jirani mwema huangalia vitu vya jirani yake. Therese hakusema neno. Therese asiposema neno, uji hupoa.

Adhuhuri mama mkwe akaniletea maziwa, akayaacha kwenye kizingiti cha ofisi ya mizani na salamu kwamba nimekonda na nisijitese kwa ajili ya Ijumaa. Hivi ndivyo anavyopigana. Ningekuwa mtu wa kuonewa huruma ningelia. Nimeyanywa, yalikuwa matamu, hasira yangu ikaongezeka.

Lakini nimepata mbinu, na safari hii haina ufa. Siku zote mimi huchagua Nywele, yeye Kitambi. Anamjua Nywele kuliko anavyojua shamba lake. Ijumaa nitamchagua Kitambi. Yeye hawezi kucheza na mwingine, atamchagua Kitambi vilevile. Kwa hiyo ulingoni watakuwa Vitambi wawili. Mama mkwe atachanganyikiwa. Macho yake si ya kijana. Hatajua yupi ni wake, atajiangusha mwenyewe, nami nitamaliza kazi.

Nimeirudia mbinu hii kichwani mara nyingi nikipima kahawa. Nimemwandikia mtu mmoja kilo za mwenzake. Nitarekebisha.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nitaandika yote kwa mpangilio, ingawa mkono haupendi.

Watu walikuwa wengi kuliko waliokwenda kwenye maonyesho ya wakulima. Dirisha la Methodius lilitolewa na fremu yake ili walioko nje waone. Mkeka ulitundikwa kwa kamba ya katani kutoka kenchi mpaka karibu na sakafu. Nilichoweza kuona cha mama mkwe ni miguu yake, amevua ndara. Mzee Polikarpi alikaa kwenye kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Therese alikuwa nyuma, karibu na mlango. Sikujua kwamba angekuja.

Nikamchagua Kitambi. Watu wakaguna. Upande wa pili wa mkeka, mama mkwe naye akamchagua Kitambi. Nikatabasamu. Kengele ikalia.

Vitambi wawili wakakutana katikati. Wa kijivu na wa kijivu.

Mwanzoni mambo yalienda kama nilivyopanga. Kitambi wangu alimshika mwenzake kiunoni, akamnyanyua, akambwaga. Watu wakapiga kelele. Nikabonyeza, akambwaga tena. Akamrusha kwenye kamba, akamdaka aliporudi, akamlalia. Refa akahesabu mbili, yule akajinasua. Sijawahi kucheza hivyo. Kila nilichobonyeza kilitii, na wakati mwingine kilitii kabla sijabonyeza, nikadhani ndiyo ubingwa wenyewe unavyokuwa. Nilisikia mama mkwe anaguna upande wa pili. Niliona huruma. Kweli, niliona huruma, nikajiambia nikishinda nitamruhusu awe anakuja kutazama siku za Jumapili.

Kitambi wangu akampandisha mwenzake mabegani, akamzungusha, akamtupa chini, akamkalia kifuani. Refa akapiga sakafu. Nyumba nzima ikahesabu naye. Moja. Mbili. Tatu.

Nikasimama. Nikanyoosha mikono yote miwili juu. Nikaangusha mkeka. Nikasema, na hili naliandika kwa sababu watu mia moja walisikia, "Mama, samahani, lakini ilibidi."

Mama mkwe alikuwa amekaa na rimoti mapajani. Akanitazama kwa wasiwasi kama mtu anayetazama mgonjwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, aliyelala ni wako."

Nikacheka. Nikabonyeza kitufe niwaonyeshe. Aliyelala chini akainua mkono.

Nikabonyeza tena. Akainua tena.

Watu hawakucheka mara moja. Ilichukua muda kama wa kumeza mate. Kisha walicheka, na sitaki kuandika walivyocheka. Mzee Polikarpi alilazimika kushikiliwa kwenye kiti. Methodius akafuta mlango wote kwa kitambaa, akaandika jina moja.

Nasema hivi: katika televisheni ya rangi jambo hili lisingetokea. Mzembe ni aliyenunua televisheni ya aina ile.

Therese hakucheka. Nilipotafuta uso wake, alikuwa anamtazama Rwegasira, ambaye tayari alikuwa ananyooshea kidole baiskeli iliyoegemezwa nje.

Jumamosi, 9 Agosti

Rwegasira alikuja saa tatu asubuhi. Nilimwomba asubiri niongee na mke wangu kwanza. Akasema amengoja tangu mnyororo wa padri.

Therese alikuwa anafunga ndizi kwenye keria ya baiskeli, leo ni mnada. Rwegasira akamwamkia vizuri, akavua kofia, akamweleza. Hakuongeza kitu. Ningependa angeongeza, ningepata pa kubishia.

Therese akaniuliza, "Baba Stephania, ni kweli?"

Stephania ni binti yetu, anasoma bweni Bukoba, namshukuru Mungu hakuwepo. Nikaanza kueleza habari ya pampu. Therese akafungua kamba, akashusha ndizi moja moja, akazipanga chini. Akapangusa tandiko kwa kanga yake, akamkabidhi Rwegasira. Rwegasira akaondoka akiisukuma, hakuipanda mpaka alipofika mbali. Hata yeye aliona aibu, na alistahili.

Kisha Therese akaingia ndani, akatoka na mfuko. Akasema anakwenda kwa mama yake. Sikuuliza mpaka lini. Akajitwika mkungu mmoja kichwani, akashuka njia ya kwa mama mkwe kama alivyokuwa akitembea zamani, kabla ya baiskeli.

Nimeonewa na kila mtu. Lakini nimeziingiza ndizi zilizobaki kivulini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepika matoke mwenyewe. Yameungua chini na hayajaiva juu. Sijui Therese hufanyaje.

Leo nikiwa kwenye mizani nikasikia habari kutoka kwa wakulima wenyewe, wakinisimulia kana kwamba si mimi ninayehusika. Jana baada ya misa mama mkwe alikwenda kwa Rwegasira. Akamwambia anataka kucheza naye. Rwegasira akasema hana cha kuweka. Mama mkwe akasema, unayo baiskeli. Rwegasira akauliza, na wewe unaweka nini, mama? Akasema, mashine yote.

Watu wanasema Rwegasira aliona siku yake imefika. Wanasema pia haikufika dakika mbili. Kitambi alimbeba, akamlaza, akamkalia. Rwegasira anadai jua lilikuwa linaingilia mlangoni. Mimi ninamwamini, maana najua jinsi watu wanavyonyimwa haki katika gemu lile. Lakini sikuwa na hamu ya kumtetea.

Saa nane Therese akapita barabarani akisukuma baiskeli yake, imejaa ndizi. Nilisimama. Nilikuwa na maneno. Akasema, "Habari za kazi, karani," akapita.

Karani. Miaka kumi na tatu ya ndoa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwa mama mkwe. Sikupenda, lakini nyumba imekuwa na mwangwi. Nilimwomba Mzee Polikarpi anisindikize kama desturi inavyotaka. Alikubali haraka mno. Baadaye nikajua ni kwa sababu mashine iko huko.

Tulikuta ua umefagiwa, na ng'ombe wake mmoja, Gaju, amefungwa karibu na jiko. Ng'ombe mwekundu, ana mimba, anang'aa. Mama mkwe humsugua kwa majani kila asubuhi. Nilikaa kwenye stuli ya mbali, yeye akakaa mlangoni. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Mzee akakohoa, akasema kijana ana neno.

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba juu ya televisheni za rangi. Mama mkwe akanitangulia.

"Mkwe, kwa nini unataka sana kuniangusha?"

Nikasema si yeye, ni heshima yangu. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha, na sasa kila mtu ananicheka.

Akatazama vidole vyake. Akasema, "Mimi nilivuka mto Kagera nina Therese tumboni na sufuria kichwani. Nikafika hapa nikalima mashamba ya watu mpaka Karekezi akapata kibanja. Nikazika watoto wawili, nikamzika na yeye. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema ndiyo, asante, samahani. Siku ile uliponiwekea ile rimoti, nikamwinua mtu nikamtupa. Akaamka. Hakuna aliyeumia na hakuna aliyenikasirikia. Nikasema, kumbe. Nikataka tena."

Mzee Polikarpi akatazama chini.

"Ndiyo maana nakuja kila siku," akasema. "Wewe ndiye uliyenipa. Sijawahi kukushukuru. Lakini baiskeli ya mwanangu si yako kuiweka."

Nikaiacha hotuba yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni nadra.

Akamwita Therese. Therese akatoka na unga mikononi, akasimama. Mama mkwe akasema niseme mbele yake nilichofanya, kuanzia mwanzo, bila pampu. Nikasema. Safari ya Kituntu pia, na magunia ambayo hayakuwepo. Hata padri. Nilipofika kwenye padri, Mzee Polikarpi alitoa sauti fulani akajifanya anapiga chafya.

Therese akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniuliza."

Nikauliza kama ningemuuliza angekubali.

"Nisingekubali," akasema. "Ndiyo maana ungeniuliza."

Akasema atarudi Jumapili, si kabla. Nioshe sufuria niliyounguza. Sijui alijuaje.

Tulipoinuka kuondoka, Mzee alikuwa ameshaingia ndani. Tukasikia kengele ya ulingo.

Jumapili, 17 Agosti

Therese amerudi. Alifika baada ya misa na baiskeli, akaangalia sufuria, akaisugua upya. Jioni alinipa kipande kikubwa cha samaki. Tumeongea kuhusu Stephania na kuhusu mvua za vuli. Nyumba haina mwangwi tena. Nimemwahidi kwamba sitagusa kitu chake bila kumuuliza, na ahadi hiyo nitaishika mpaka kufa. Kitu cha Therese hakiguswi.

Alasiri tulikwenda wote kwa mama mkwe. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye miti ya kibanja nje. Mkeka wa Mzee bado unatundikwa nikicheza mimi, tumeuzoea. Ameniangusha mara tatu. Nilitazama vizuri safari hii, si kama mpinzani, bali kama mtaalamu, na nikaona jambo ambalo watu wa Kanoni kwa upofu wao hawajaliona. Mama huyu hashindiki. Tunakaa na hazina, tunaitazama tu kama wajinga.

Celestin wa Kituntu, nilipomrudishia kaseti yake ya mpira juzi, alinidokeza kwa majivuno kwamba shule yao imepata mashine na kaseti ya mieleka, na kuna mwalimu mwenzake hajaangushwa tangu Pasaka. Alicheka aliponiambia. Alicheka kwa namna ambayo mtu mwenye heshima hawezi kuiacha ipite. Nikamwambia hapa tuna bingwa, na bingwa huyo ana meneja, na meneja ni mimi. Akauliza kama tuna uhakika kiasi gani.

Barua nimeimaliza sasa hivi, mwandiko mzuri, nakala mbili, muhuri wa mizani. Pambano ni Jumamosi ijayo, hukohuko Kituntu. Wao wanaweka mabati ishirini ya jengo la walimu. Sisi tunaweka Gaju na ndama wake atakayezaliwa.

Mama mkwe sijamwambia bado. Anahitaji utulivu wa akili kabla ya pambano, na isitoshe ng'ombe si wa Therese.